Jino nimeshaziba, mbona bado linauma?

Ramadhani iliyopita kila aliyekuja kuulizia nguo yake alinikuta nimejishika shavu, na swali lilikuwa lile lile: "Fundi, si ulisema umeziba?" Nimeziba, ndiyo. Gego la chini kushoto, lile kubwa linaloota mtoto akiwa na miaka kama sita, lilikuwa limetoboka ubavuni pale linapobanana na mwenzake. Nyama ikiingia pale haitoki mpaka uitafutie kijiti. Nikaona Shaabani haijaisha, kazi za Idi hazijanizidi, bora nikazibe mapema nishone kwa raha. Nikaenda kwenye kliniki moja hapa mjini Tanga. Jina lake silitaji, maana mwisho wa yote walinitendea vizuri, ila katikati hapo walinitoa jasho.

Mimi ni fundi cherehani, nina kibaraza changu Ngamiani, kwenye barabara zetu hizi za namba. Kazi hii inatumia meno kuliko watu wanavyofikiri. Pini unazibana kwa midomo, uzi unaukata kwa meno ya mbele kwa sababu mkasi siku zote uko chini ya kitambaa. Meno yangu mawili ya mbele ya juu yana vijipengo, ukipitisha ukucha unavisikia, vyembamba vya kupita uzi. Daktari aliviona kabla hajalifikia gego. "Wewe ni fundi wa nguo," akasema, wala hakuuliza. Nikaitikia kwa koo tu, mdomo umeshajaa vyuma.

Kuziba kwenyewe hakukuuma. Sindano ya ganzi kwa magego ya chini huchomwa nyuma kabisa, karibu na pembe ya taya, ili kuulaza mshipa wa upande ule wote. Ndiyo maana mdomo na nusu ya ulimi navyo hulala, saa mbili, tatu, wakati mwingine zaidi. Akachimba palipooza, akalizungushia jino kipande chembamba cha bati ili apate ukuta wa kujengea, akapaka asidi kidogo, akasuuza, akapaka gundi, akamulika kwa taa ya bluu. Kisha ule ujazo wenyewe, wa rangi ya jino, akautia kidogo kidogo, tabaka la kama milimita 2, anamulika, anatia jingine. Alipotoa mkono nikamuuliza kwa nini asijaze yote mara moja tukamalizana. Akasema ujazo ule ukikazwa na taa hunywea, asilimia 2 hadi 3 hivi, na ukiujaza wote kwa pamoja huzivuta kuta za jino au hubanduka pembeni ukaacha mwanya. Hapo hakuhitaji kuniongezea neno. Pamba usipoiloweka kabla ya kukata, ikifuliwa mara ya kwanza mshono wote unavuta, na mteja anarudi na kanzu imempanda juu ya vifundo vya miguu. Wachache husema ndiyo sunna. Wengi hutaka hela zao.

Mwisho akaniwekea karatasi ya bluu kati ya meno. "Ng'ata. Tena. Pako sawa?" Nikasema sawa. Sasa mtu umelala chali kwenye kiti, taa machoni, nusu ya mdomo huna habari nayo, utajuaje kama pako sawa? Ningeulizwa wakati ule kama nina pembe ningesema sawa vile vile. Hili nalitia mkazo kwa sababu ndilo lililonitesa, na naona linawatesa wengi: jibu la mtu mwenye ganzi halina uzito, na daktari anayelipokea jibu lile ana foleni ya watu nje.

Ganzi ilipoisha jioni nikahisi kitu. Si maumivu bado, ni kama kuna mgeni. Nikifunga mdomo, jino lile linatangulia kufika.

Kisha mwezi ukaandama.

Anayetaka kulijaribu jino lake alilete kwenye futari ya Tanga. Unafungua kwa tende, uji wa pilipili manga unatoka moshi, hapo hapo juisi ya ukwaju imetoka kwenye friji, kisha mihogo ya nazi, kaimati, samaki wa kukaanga aliyekauka vizuri. Moto, baridi, uchachu, sukari na kigumu, vyote ndani ya robo saa. Funda la kwanza la ukwaju lilinipiga kutoka tayani hadi sikioni. Lakini kabla sijaiweka bilauri mkekani, maumivu yalikuwa yameshakwisha. Uji wa moto haukunifanya kitu. Mihogo laini nayo ilipita. Kisha nikang'ata kokwa ya tende kwa upande ule, nikaona nyota. Shemeji yangu akadhani nimemeza mwiba wa samaki.

Kwa hiyo nilikuwa na maumivu mawili, si moja, na hilo nililitambua nikiwa pale pale mkekani. Moja ni la baridi: linakuja kali, linaondoka upesi. La pili ni la kung'ata: halijali moto wala baridi, linangoja nigonganishe meno. Watu huyachanganya, wanasema tu "jino linauma", na mtu akisema hivyo hajamwambia daktari chochote.

La baridi daktari alikwisha kunidokeza kwamba huenda likaja. Chini ya lile ganda gumu jeupe la jino kuna dentini, na dentini imejaa vijitundu vyembamba visivyoonekana kwa macho, vina majimaji ndani, vyote vinaelekea kwenye kiini cha jino ambako kuna damu na mishipa ya fahamu. Baridi ikifika, majimaji yale husogea, na mshipa ukausikia mwendo ule kuwa ni maumivu. Jino lililotoka kuchimbwa, likapulizwa upepo, likapakwa asidi, kiini chake kimeudhika. Kwa kawaida hupoa chenyewe baada ya siku kadhaa, au wiki chache kama tundu lilikuwa refu. Kinachotakiwa ni yawe yanapungua. Ya leo yawe madogo kuliko ya juma lililopita, na baridi ikishaondoka mdomoni maumivu nayo yaondoke.

La kung'ata ni jambo jingine kabisa. Jino halikusimikwa kwenye taya kwa saruji. Limeshikiliwa na nyuzi laini ndogo ndogo zilizolizunguka mzizi wote, na nyuzi zile zina hisia kali ajabu. Kitu chembamba kuliko unywele ukikiweka kati ya meno, utakijua. Sasa ujazo ukizidi kimo, hata kidogo tu, jino lile ndilo linalobeba kishindo cha taya nzima, na si wakati wa kula peke yake, maana hata ukimeza mate meno hukutana. Nyuzi zinachubuka, jino linakuwa na kidonda kisichoonekana. Unaweza kupaka upendacho, likiendelea kugongwa halitapona.

Ushauri ulimiminika bila kuombwa. Mama mkwe wangu, Mungu amweke, alikata shauri siku ya kwanza: ng'oa. Hoja yake ni kwamba kuziba ni kumfungia mdudu ndani, na mdudu aliyefungiwa atatafuna kutafuta njia. Mwenyewe ameng'oa karibu magego yote na anatafunia mbele, halafu anatuuliza kwa nini siku hizi nyama ya Idi imekuwa ngumu. Mdudu wa kutafuna jino hayupo. Waliopo ni bakteria wasioonekana, wanakula sukari wanatoa asidi, asidi inalainisha jino. Nimemwambia. Amenisikiliza kwa adabu, kisha akarudia: ng'oa.

Jirani yetu, bibi wa Kipemba, alinijia na karafuu kwenye kipande cha gazeti. "Mwanangu, bana hizi, ulale." Karafuu si uganga. Mafuta yake yana kitu kinaitwa eugenoli, kinachotia ganzi kidogo, na madaktari wa meno wenyewe hukichanganya na unga wa zinki kutengeneza dawa ya kuziba kwa muda. Ile harufu inayokupokea mlangoni kwenye vyumba vingi vya meno ni karafuu hiyo hiyo tunayoijua kutoka ng'ambo ya Pemba. Kabla ya kuziba ilinisaidia sana, kwa sababu tundu lilikuwa wazi na mafuta yalikuwa na pa kupita. Baada ya kuziba, mlango umeshafungwa. Nilibana karafuu zile kwa heshima ya bibi, fizi ikaniwaka, jino likabaki na lake.

Halafu yule kijana wa duka la dawa. Sikumaliza hata sentensi, alikwisha kunikatia amoksilini na metronidazo, nusu dozi, "uanze nazo hizi tuone". Nikamuuliza zinakwenda kuua nini. Akasema bakteria. Ujazo uliozidi kimo haufi kwa kidonge, na hata kiini kikiwa kimevimba ndani ya jino, antibaiotiki si dawa yake. Chama cha madaktari wa meno wa Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2019 kikisema hivyo kwa watu wazima wenye kinga nzuri, kwamba tiba ya jino ndiyo itangulie. Nilichonunua ni paracetamol. Viwili vya miligramu 500 baada ya futari, viwili baada ya daku, na mtu mzima asipitishe vinane kwa saa 24. Wapo wanaotumia ibuprofen au diklofenaki na zinafanya kazi nzuri kwa jino, ila mwenye vidonda vya tumbo, tena tumbo la mfungo, ajihadhari nazo. Na aspirini ya kuiweka juu ya fizi muiache jamani. Inababua fizi, unapata maumivu ya pili juu ya yale ya kwanza.

Nikaazimia kurudi kliniki. Kilichonichelewesha ni saumu. Nilimuuliza ustadhi wetu, akanijibu kuwa kutibiwa jino hakufunguzi madhali sijameza kitu kwa makusudi, nikashukuru, nikapanda baiskeli.

Safari hii nilikuwa na la kumwambia daktari. Nikamwambia: maji ya baridi yananipiga mara moja yanaacha, moto haunisumbui, usiku nalala, ila nikigonganisha meno kwa upande huu nasikia kama msumari. Akatikisa kichwa kabla sijafika mwisho. Hakunilaza. Alinikalisha wima, bila ganzi, akaweka ile karatasi ya bluu, akasema ng'ata, kisha saga huku na huku kama unatafuna mkate mkavu. Hilo la kusaga huku na huku hakuwa amelifanya mara ya kwanza. Alinionyesha kwenye kioo kidogo: magego mengine yana madoa ya bluu mepesi, lile langu lina doa moja jeusi la wino, mduara wake mdogo kuliko kichwa cha pini, pembeni kabisa kwenye ukuta mpya. Akaligusa kwa mashine, sekunde chache, kimaji kidogo, nikatema. Karatasi tena. Doa limepungua. Akagusa tena.

Nilipofunga mdomo ndipo nilipogundua kuwa upande wa kulia ulikuwa haukutani vizuri tangu nilipoziba. Meno ya kule yakagusana, tap, nikashtuka, maana nilikuwa nimeshausahau mguso ule. Msumari haukuondoka saa ile ile, nyuzi zilikuwa zimeshachubuka, lakini kila futari ilikuwa afadhali kuliko ya jana yake. La baridi lilichelewa zaidi. Lilinifikisha hadi baada ya Idi, likizidi kufifia, mpaka siku moja nikanywa dafu lililotoka kwenye barafu bila kukumbuka kupeleka upande wa pili.

Nilimuuliza pia kama kosa ni la hii dawa nyeupe, maana lile gego langu la kulia lina ujazo wa zamani wa rangi ya fedha, limo tangu niko shule, halijawahi kunisumbua, isipokuwa siku moja nilipong'ata karatasi ya chokoleti nikaruka kwa kaumeme kadogo, madini mawili yamekutana kwenye mate. Akasema ile ya fedha karibu nusu yake ni zebaki, na tangu Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 nchi zinaipunguza, hasa kwa watoto na wajawazito. Iliyomo na haina ufa wala haivuji inaachwa. "Usije ukaniambia niitoe kwa ajili ya urembo," akasema. Sikuwa na wazo hilo. Kwanza haionekani nikicheka.

Sasa msije mkadhani kila jino lililozibwa likiuma ni la kusuguliwa kidogo likaisha. Wifi yangu wa Muheza aliziba sehemu nyingine, miezi michache kabla yangu, naye akaambiwa atulie litapoa. Lake lilikwenda kinyume. Maji ya baridi yalikuwa yanamtuliza, na chai ya moto ndiyo iliyokuwa inamliza. Maumivu yakianza hayaachi, yanakaa, yanapwita na mapigo ya moyo. Usiku ndiyo kabisa. Akilala yanazidi, akikaa yanapungua, akawa anakesha ameegemea ukuta na kikombe cha maji ya mtungi pembeni, anasukutua kila baada ya dakika kadhaa. Akaniuliza kwenye simu kama na yeye aende akapunguziwe kimo. Nikamwambia wifi, hilo lako silo langu.

Jino linalouma bila kuguswa, linaloamsha mtu usingizini, linalochukia moto na kupenda baridi, au likishapigwa na baridi linaendelea kuuma nusu dakika na zaidi, kiini chake kwa kawaida hakirudi tena. Hapo njia ni mbili: kutibu mzizi, au kung'oa. Kutibu mzizi ni kutoa kile kiini kilichooza, kusafisha njia zake kwa visindano vyembamba, na kuziziba mpaka chini; gego la chini huwa na mizizi miwili lakini njia mara nyingi ni tatu, kwa hiyo si kazi ya kukurupuka, na bei yake inazidi kuziba mara kadhaa. Wifi alipigwa picha, akatibiwa mzizi, akalala usiku ule ule. Shemeji bado anasema daktari wa kwanza ndiye aliyeharibu. Inawezekana. Inawezekana pia tundu lilikuwa limeshafika kiinini kabla hajaziba, maana mwenyewe alikuwa amelifuga jino lile tangu mavuno ya machungwa ya msimu uliotangulia, analituliza kwa diklofenaki. Picha ya kabla ya kuziba haikupigwa, kwa hiyo wataendelea kubishana.

Kuna na la tatu, ambalo sijalipata wala silitamani: maumivu yanayokuja pale unapoachia baada ya kung'ata, si wakati wa kung'ata. Hilo daktari alisema humfanya atafute ufa. Na shavu likivimba, homa ikapanda, mdomo ukashindwa kufunguka au kumeza kukawa kwa shida, hayo si ya kungoja asubuhi wala kumuuliza fundi cherehani. Ni hospitali ya Bombo usiku huo huo.

Mtu akija kibarazani kwangu siku hizi na shavu mkononi, namhoji kabla sijampima bega. Baridi au moto? Linakaa au linaondoka? Ukiligonga kwa ukucha je? Usiku unalala? Wengine wananicheka, wanasema fundi kahamia Bombo. Lakini wakifika kwa daktari wana la kusema, na kwa aliyeziba ndiko pa kuanzia, maana yeye anajua tundu lilikuwa refu kiasi gani na ameweka nini. Wengi huona haya kurudi, wanahisi wanakwenda kumlaumu. Mteja akirudi na dera linalombana kwapani mimi simfukuzi, nalifumua. Na sehemu nyingi kusawazisha kimo hawatozi tena, uliza tu.

Kilichobaki ni uzi. Daktari aliniambia tundu lilianzia katikati ya meno mawili, mahali mswaki haufiki, na nisipopasafisha pataoza jino la jirani. Akanionyesha uzi wa meno, kikasha kidogo cha mviringo. Nikauliza bei, nikapiga hesabu ya roli ngapi za uzi wa cherehani hizo, nikamuuliza kama polista yangu haitafaa, ninayo rangi zote. Alicheka mpaka akavua barakoa. Akasema ule wa cherehani umesokotwa, unakata fizi, ninunue wa kwake. Nimenunua. Nautumia kila usiku baada ya mswaki, na mkasi mdogo nimeufunga shingoni kwa utepe, kwa hiyo meno ya mbele nayo yamepumzika. Wateja wa Idi wote walipata nguo zao, isipokuwa mmoja wa Makorora ambaye dera lake lilitoka siku ya pili ya sikukuu, na yeye bado hajanisalimia.